Utepe wa Bwana Kunguru

Hirfryn, Wales ya Kaskazini
Aprili 2, 2014

Kwa Mtukufu Mabli, Mlinzi wa Lango la Derby, Mchinja Majoka, Mla Chipsi Mkuu,

Barua yako imefika. Ile nta nyekundu uliyoibandika ilivunjikavunjika njiani, mtu wa posta akanitazama kama mtu aliyeletewa damu. Nikamwambia, "Tulia kijana, huo ni muhuri wa kifalme, wewe umezoea bili za umeme." Endelea hivyohivyo. Simu ni za watu wasio na farasi.

Sasa habari kubwa. Msimu wa maonyesho ya mapigano ya mikuki unafunguliwa Jumatatu ya mapumziko, mwisho wa Mei, palepale kwenye ngome yetu. Mwambie mama yako ajaze mafuta. Mimi babu yako, Bwana Kunguru, mtu mbaya kuliko wote kuanzia hapa hadi mpaka wa Urusi (na mpaka huo nimeuona kwa macho yangu, nikiwa na lori zima la jibini), nitampanda farasi wangu Biskuti na kuwatisha watoto wa watu. Kofia yangu ya chuma imepata manyoya mapya. Deraya yangu ya chuma inanibana tumboni. Fundi anasema nimenenepa. Mimi nasema chuma kimesinyaa kwa mvua.

Yule Gethin ndiye Shujaa wa Waridi tena. Kijana mdogo, meno yote yapo, akina mama wanampigia makofi kabla hajafanya lolote. Mimi wananizomea hata sijashuka kwenye gari. Mwaka jana bibi mmoja alinipiga mwavuli kwenye foleni ya chai, na sikuwa hata nimevaa deraya! Hiyo, bibie, ndiyo kazi iliyofanywa ikafanyika.

Kama kawaida nitapita kandokando ya kamba ya uwanja, nitaelekeza mkuki kwa watu, na nitauliza kwa ile sauti ya kutoka tumboni: "Nani yuko upande wangu?" Na uwanja mzima utajibu: "Hakuna!" Unajua ninamsubiri nani baada ya hapo. Njoo na utepe.

Jumamosi nilichelewa mazoezi. Barabara ya kwenda ngomeni wameibadilisha. Nilijikuta nimesimama ufukweni natazama maji, Biskuti kwenye trela ananishangaa. Siku hizi wanahamisha barabara bila kumwambia mtu.

Wako katika uovu,
Babu Idwal, yaani Bwana Kunguru


Derby
Aprili 9, 2014

Babu,

Mama amesema tutakuja. Upanga wangu wa mbao nimeupaka rangi upya na joho nimelifua. Utepe wa mwaka huu ni wa kijani. Nimeukuta kwenye kopo la vifaa vya kushonea la marehemu Bibi. Nilimuuliza Mama kama naruhusiwa, akasema Bibi angefurahi.

Babu, shuleni kuna mtu anaitwa Toby. Anasema Bwana Kunguru ni bandia. Nikamwambia babu yangu amefika mpaka wa Urusi. Akasema, "Kama amefika huko kote, mbona hajawahi kushinda hata siku moja?" Nikampiga na mfuko wa vitabu. Mwalimu alisema hilo si jibu.

Kwa hiyo nina ombi. Usianguke. Mara moja tu. Kila mwaka mimi peke yangu nasema "Mimi!" na watoto wote wananigeukia kama nina pembe. Nakufungia utepe kwenye mkuki. Halafu mzunguko wa tatu unadondoka kwenye matope pamoja na utepe wangu, na watu wanashangilia. Halafu tunakaa garini kwenye mvua, nakula sandwichi za mayai za Mama, nalia kidogo. Mama akiuliza nasema ni vitunguu. Sandwichi zenyewe hazina vitunguu.

Mama anasema yote yamepangwa tangu mwanzo na wewe unalipwa ili uanguke. Lakini kilichopangwa si kinaweza kupanguliwa? Shinda mara moja, kwa ajili yangu. Sitaomba kitu kingine hadi Krismasi.

Mjukuu wako,
Mabli, Mlinzi wa Lango


Hirfryn
Aprili 20, 2014

Kwa Mlinzi wa Lango, Mpiga Watu na Mfuko wa Vitabu,

Ombi lako limefika mbele ya Bwana Kunguru, naye amelisoma huku akila vikeki vya zabibu. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nitasema jambo la maana na mimi huwa sisemi mengi ya namna hiyo.

Kushinda hata Gethin anaweza. Kuanguka ndiyo kazi ya watu wazima. Mzunguko wa kwanza mikuki inavunjika, ni mbao laini, haina neno. Mzunguko wa pili nafanya hila zangu, watu wanapiga kelele. Mzunguko wa tatu nainua ncha ya mkuki juu na kumwachia kifua. Ananigusa kwenye ngao, kugusa tu kama mtu anayebisha hodi. Hapo natoa mguu kwenye kikuku cha tandiko, naviringika kwa bega, miguu juu, kofia inakwenda zake. Halafu natulia tuli kwenye tope. Gethin hajui hata nusu ya hayo. Yeye kazi yake ni kutabasamu.

Na kwa nini naanguka? Si kwa ajili ya malipo, mwambie mama yako, malipo yenyewe yanamtosha Biskuti kwa nyasi. Kuna mtoto mmoja pale kwenye kamba. Kila mwaka yupo, sura yake siijui. Nyumbani kwao kuna kitu kinamtisha usiku. Labda ni giza tu, labda si giza. Wazazi wake wamemleta kutoka mbali, wamenyeshewa, wamekula chipsi zilizolowa siki. Yule mtoto ni lazima aone mtu mbaya akidondoka chini, puu! Akirudi nyumbani, atalala. Sasa nikishinda mimi, nani atamlaza yule?

Kwa hiyo jibu ni hapana. Niombe kingine chochote. Niombe Ufaransa, naijua barabara kwa barabara.

Halafu, nimewahi kukusimulia juu ya yule bibi aliyenipiga mwavuli kwenye foleni ya chai? Mwaka jana hiyo. Na sikuwa hata nimevaa deraya! Hiyo, bibie, ndiyo kazi iliyofanywa ikafanyika.

Babu Idwal


Derby
Mei 27, 2014

BABU UMESHINDA!

Siwezi kuandika polepole. Ulisema hapana, kumbe ulikuwa unanificha ili nishtuke! Ulipouliza "Nani yuko upande wangu?" wote wakasema "Hakuna!" na mimi nikasema "Mimi!" na nikafunga utepe wa Bibi, mafundo mawili. Ulinitazama sana. Nilidhani umekasirika. Kumbe ulikuwa unapanga.

Mzunguko wa tatu mkuki wako haukuinuka. Ulikuja moja kwa moja. Nikasikia mlio kama mlango wa gari unaobamizwa, na Gethin akaruka nyuma kama shati lililong'oka kwenye kamba ya kuanikia. Hakuna aliyeshangilia, Babu. Mtoto mmoja alianza kulia, kisha wengine. Nilikuwa mimi peke yangu napiga kelele na kurukaruka. Wewe ulishuka kwenye farasi ukasimama katikati ya uwanja, ukiangalia huku na huku, kama mfalme anayeitazama nchi yake.

Mama akakimbilia kwako. Sijui mlisema nini. Aliporudi alinivuta hadi garini, hata sandwichi hatukula. Gari la wagonjwa lilitupita langoni.

Nimemwambia Toby. Nimemwambia kila mtu.

Babu, Gethin ameumia sana? Ni kwa sababu yangu, sivyo? Mimi ndiye niliyekuomba. Nina furaha kubwa na hofu kubwa, vyote kwa pamoja, na usiku vinaamka vyote.

Mabli


Derby
Mei 29, 2014

Baba,

Simu yako inaita tu haipokewi, kwa hiyo naandika. Ninyi wawili ndio mnaoandikiana, labda barua utaifungua.

Gethin amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Amenipigia mwenyewe kutoka hospitali. Anakusalimu, anasema hana kinyongo, na anauliza kama wewe u mzima. Hilo ndilo analouliza kila mtu.

Baba, ulipovua kofia ulinitazama usoni ukaniuliza, "Mama yako kaegesha gari wapi?" Nakujibu hapa, pale watu walikuwa wengi. Mama alifariki. Jeneza ulilibeba wewe, bega la kushoto, na hukukubali kupokewa.

Mabli hakusikia. Anaamini ulishinda kwa ajili yake. Ana furaha na hana usingizi. Ukimwambia ndiyo, nilifanya kwa ajili yako, atalibeba bega la Gethin maisha yake yote. Ukimwambia hapana, itabidi umwambie kwa nini. Mimi nimejaribu mara kadhaa nikiwa naosha vyombo naye anafuta, nikaishia kumuuliza habari za shule.

Nimepata miadi ya daktari, Jumatatu. Nitakuja kukuchukua asubuhi. Hadi hapo usiendeshe gari. Tafadhali, Baba. Nitukane ukitaka, lakini usiendeshe.

Lowri


Hirfryn
Mei 31, 2014

Lowri mwanangu,

Funguo za gari nimempa jirani, kwa hiyo pumua. Sikutukani. Nilitaka, nikakosa tusi zuri.

Unajua mimi nimeendesha lori kutoka Lisbon hadi mpaka wa Urusi na sikupotea ila mara moja, tena ilikuwa Ubelgiji, na Ubelgiji kila mtu anapotea. Kwa hiyo usifikiri baba yako ni mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu majira ya baridi. Nilipokuta birika la chai ndani ya kabati la viatu, nikajiambia hivyo. Nilipofika ufukweni na farasi, nikajiambia hivyo.

Mzunguko wa kwanza nilijua. Wa pili nilijua. Wa tatu Biskuti akaanza kukimbia na kichwani pangu pakawa peupe. Nilijua kuna kitu napaswa kufanya. Ni kama mtu anayeingia jikoni akasimama: nimefuata nini huku? Ila jiko haliji mbio likiwa na mkuki. Nikaona utepe wa mama yako unapepea mbele yangu. Kijani kile. Nikasema basi, nafuata huo. Nikaufuata.

Jirani alinipeleka kumwona Gethin. Nilimpelekea zabibu. Aliponiona mlangoni akanizomea, "Uuuuu!" kama watoto wa uwanjani, wodi nzima ikageuka. Tukacheka. Kisha nikalia, na yeye hana mkono wa kunishika, akanipa teke dogo kutoka kitandani. Kijana mzuri yule. Nimemsema vibaya miaka yote hii kwa sababu ya meno yake tu.

Deraya nimeirudisha mwenyewe kabla hawajaniomba. Nimeisugua ikang'aa. Kweli ilikuwa ndogo, Lowri. Nimenenepa.

Jumatatu nitakuwa nimevaa koti, nakusubiri. Ila Mabli nitamwambia mimi. Niache nimwambie mimi, wakati mimi bado ni mimi.

Baba yako


Hirfryn
Juni 4, 2014

Mabli wangu,

Leo sina vyeo vya kukupa. Kaa mahali pazuri ndipo usome.

Kwanza bega. Bega la Gethin si lako. Wala kidogo. Uliniomba nishinde, nikakujibu hapana, na hapana yangu ilikuwa ya kweli. Sikukuficha kitu. Nilipanda farasi siku ile nikiwa na nia ya kuanguka kama ninavyoanguka siku zote.

Nilisahau.

Najua linasikika kama mzaha, na mimi ndiye niliyekuzoesha mizaha. Lakini nilisahau kuanguka, Mabli. Kuna ugonjwa umeingia kichwani mwangu, unachukua vitu kimoja kimoja, na haubishi hodi. Daktari amenionyesha picha ya ubongo wangu. Nikamwambia nimeona ngome nyingi zilizobomoka, lakini hiyo yangu bado ina minara mizuri. Hakucheka. Mama yako alicheka, kisha akatoka nje kidogo.

Nilipokuwa nimesimama pale katikati, sikuwa mfalme. Nilikuwa natafuta mlango.

Sasa unaweza kusema, basi Babu hakushinda kwa ajili yangu. Ni kweli. Ningeweza kukudanganya, na mimi kwa uwongo si mchezo, muulize askari yeyote wa mpakani. Lakini ungelipa kwa usingizi wako, nami sikuvaa manyoya ya kunguru miaka yote hii ili nimkoseshe mtoto usingizi.

Nitakuambia kitu kimoja ambacho ni cha kweli chote. Kila kitu kilipotoka kichwani, farasi, mkuki, Gethin, jina langu mwenyewe, kilibaki kitu kimoja mbele ya macho. Utepe. Kuanguka nilikusahau. Utepe sikuusahau.

Babu yako,
Idwal


Derby
Juni 14, 2014

Babu,

Nilikuwa nimeamua nisikuandikie tena.

Ningependa ungenidanganya. Nilishamwambia kila mtu shuleni. Nilichora picha yako, mwalimu akaibandika ukutani, wewe juu ya Biskuti na Gethin miguu juu. Jana niliibandua. Toby akauliza kwa nini, nikamwambia imeisha muda.

Upanga nimeuweka chini ya kitanda. Mama alisema Jumapili twende tukaone ngome nyingine, ile yenye handaki la maji, nikasema sitaki. Zote ni mawe tu.

Nina swali moja, na usijibu kwa utani. Umeanguka kila mwaka tangu kabla mimi sijazaliwa. Kama umeweza kusahau kuanguka, utanisahau na mimi?

Mabli


Hirfryn
Juni 20, 2014

Mabli,

Umesema nisijibu kwa utani. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, chai imepoa, nimetengeneza nyingine, nayo imepoa. Mimi bila utani ni kama Biskuti bila miguu. Lakini nitajaribu.

Daktari nilimuuliza hilohilo. Hakusema ndiyo na hakusema hapana, alisema kila mtu ni tofauti. Kwa hiyo nimefanya mipango yangu mwenyewe. Mimi nimepakia malori maisha yangu yote. Unajua lori linapakiwaje? Cha kushushwa kwanza unakiweka mlangoni. Cha kushushwa mwisho unakiweka ndani kabisa, nyuma ya vyote, na unakifunga kamba.

Basi nimeanza kupakia upya. Mlangoni nimeweka Ubelgiji. Ubelgiji na ichukuliwe hata leo, mvua yake na njia zake. Nyuma yake kuna Ujerumani, chakula kizuri lakini sina shida nacho tena. Kisha Ufaransa, ambayo itaniuma. Kisha Lisbon, na yule mhudumu wa Lisbon ambaye bibi yako hakupaswa kumjua. Kisha mikuki na Biskuti. Kisha jina langu, kwani nalifanyia nini?

Ndani kabisa, ukutani, pale pasipofikiwa, nimekuweka wewe. Upo na joho lako, na mdomo una mayai. Nimefunga kamba kwa mafundo mawili kama unavyofunga wewe.

Huo si utani. Ndivyo nilivyopakia.

Toa upanga chini ya kitanda, utaota kutu. Najua ni wa mbao. Utoe hivyohivyo. Nenda na mama yako mkaone hilo handaki.

Babu


Derby
Mei 26, 2015

Babu,

Mama anasema labda hutakumbuka jana, kwa hiyo nimeamua kukuandikia yote. Mhudumu wako pale kwenye nyumba ya wazee ameahidi kukusomea. Kama ni yeye anayesoma: asante, na tafadhali fanya sauti nene pale inapohitajika.

Jana tulikwenda ngomeni, wewe, Mama na mimi. Mvua ilinyesha. Tulikuvalisha koti la buluu na kofia ya sufu. Kwenye foleni ya chai ulimwambia kila mtu kwamba umefika mpaka wa Urusi, na bwana mmoja akakununulia keki.

Wewe ulikuwa unaniita "bibie." Garini uliniuliza naitwa nani, nikakuambia, ukasema, "Jina zuri hilo," ukatazama dirishani. Mama akaongeza sauti ya redio.

Biskuti bado yupo. Sasa Gethin ndiye anayempanda. Bega lake limepona, na walitaka arudi kuwa Shujaa wa Waridi, akakataa. Alimwambia Mama kwamba kushinda mtu yeyote anaweza. Amevaa manyoya yako. Amepaka rangi nyeusi kwenye jino moja la mbele.

Alipopita kwenye kamba alisimama mbele yetu. Alituona. Akaelekeza mkuki na kuuliza kwa ile sauti yako, yako kabisa: "Nani yuko upande wangu?"

Utepe ulikuwa mkononi mwangu, Babu. Ule wa Bibi. Gethin alipotoka hospitali aliutoa kwenye mkuki wako, akautunza na kunirudishia. Nilishafungua mdomo. Lakini nikahisi mkono wako umenishika, umenishika kwa nguvu mpaka inauma, na nilipokutazama ulikuwa umejificha nusu nyuma yangu. Ulikuwa unamwogopa. Ulisema kwa sauti ndogo, "Bibie, yule mtu mbaya anakuja huku."

Mhudumu wako alishamwambia Mama kwamba usiku hulali. Unakaa kitandani unatazama mlango.

Basi nikasema "Hakuna!" Nilisema pamoja na watoto wote, kwa nguvu zangu zote. Ndiyo mara yangu ya kwanza. Gethin alinitazama, akaelewa, akageuza farasi.

Mzunguko wa tatu aliinua ncha ya mkuki. Akatoa mguu kwenye kikuku. Akaviringika, miguu juu, kofia ikaenda zake, puu, kwenye tope lote. Akatulia tuli, hakutikisika hata watu walipomaliza kushangilia. Uliuachia mkono wangu ukapiga makofi. Ulipiga makofi kuliko mtu yeyote.

Utepe nimeufunga kwenye mkongojo wako. Kwenye gari tulikula sandwichi za mayai, ukalala kabla hatujafika barabara kuu. Ulilala njia yote, mdomo wazi. Mama aliendesha polepole ili usiamke.

Nililia kidogo. Mama hakuuliza, na mimi sikusema ni vitunguu.

Mjukuu wako,
Mabli


Nyumba ya Wazee, Hirfryn
Juni 1, 2015

Kwa bibie mdogo wa siku ya ngome,

Nimesomewa barua. Sauti nene haikuwa nene vya kutosha, nimemwonyesha huyu dada namna inavyofanywa. Anaandika yeye, maneno ni yangu.

Asante kwa kunishika mkono. Mimi si mtu wa kuogopaogopa, nimefika mpaka wa Urusi, lakini yule jamaa alikuwa mbaya kweli, na farasi wake mkubwa. Umeona alivyoanguka? Sijapata kuona mtu anaanguka vizuri vile. Tangu siku ile nalala. Dada huyu ni shahidi.

Huu utepe kwenye mkongojo nimeambiwa ni wako. Mke wangu alikuwa na kitambaa cha rangi hii. Akimaliza kuegesha gari nitamwonyesha.

Sasa nikuambie siri. Ulizomea vizuri, sikulaumu, kila mtu alizomea. Lakini mimi ninaye mjukuu, ni mdogo kama wewe, ana joho na upanga, na mdomo wake daima una mayai. Huyo hazomei. Uwanja mzima ukisema hakuna, yeye peke yake anasema mimi. Sijaona mtoto kama yule popote, na mimi nimetembea. Anaitwa Mabli. Mngependana.

Anakaa mbali, huko Derby, barabara wanazihamishahamisha, ndiyo maana hajafika. Ukikutana naye mwambie babu yake yupo, anakula vizuri, anamsubiri. Alikuwa na wasiwasi kwamba nitamsahau. Mwambie asiwe nao.

Mwambie nimesahau Ubelgiji tu.

Idwal